Kijiwe cha Kusoma Vitabu: Namna ya Kukianzisha Mwanza Kisife Mwezi wa Tatu

Ninauza madaftari na kalamu jirani na Mlango Mmoja, na juu ya kaunta yangu huwa kuna kitabu kimelazwa kifudifudi. Mteja akikiona anauliza nasoma nini. Nikimwambia tunasoma watu tisa kitabu hicho hicho, na tunakutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi, maswali yanafuatana kama mabehewa: vitabu mnapata wapi? Mnachanga shilingi ngapi? Lazima mtu awe amesoma sana? Asiyemaliza kitabu anafukuzwa? Na sisi huku Buswelu tunaweza kuanzisha? Nimeyajibu mara nyingi mpaka nimeanza kukosea chenji. Haya hapa majibu, yote mahali pamoja.

Tuanze na jina. Wengi husema klabu ya vitabu, na si kosa. Ila jaribu kumuaga mama mkwe Jumamosi saa 10 jioni kwamba unaenda "kilabuni" uone atakavyokutazama. Sisi tunasema kijiwe. Katika jiji lenye mawe makubwa namna hii, neno lenyewe limepata makazi.

Ujue pia kwamba unasoma maneno ya mtu aliyekwisha kuua kijiwe kimoja. Cha kwanza tulikianza watu 14, na mkutano wa tatu tulikuwa watatu. Karibu kila onyo utakaloliona hapa chini tulilipa sisi wenyewe.

Kabla hujaanza, uwe na:

- Watu 5 hadi 9. Wakipungua chini ya hapo, wawili wakiugua hakuna mkutano. Wakizidi, wapo watakaoondoka bila kusema neno.
- Kitabu kimoja ambacho wewe mwenyewe umeshakisoma mpaka mwisho.
- Mahali pa kukaa pasipo na televisheni.
- Daftari moja na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka.
- Kokoto ishirini na saba. Nitaeleza mbele.

Shahada haihitajiki. Katika tisa wetu, wawili waliishia darasa la saba, na mmoja wao ndiye anayekumbuka vitabu kuliko sote.

1. Tafuta mtu wa pili kabla ya kutangaza

Usilirushe tangazo kwenye grupu la ukoo wala la mtaa. Utapata "hongera sana" arobaini na wasomaji sifuri. Tafuta mtu mmoja anayesoma kweli, ambaye mnaweza kubishana bila kununiana. Kila mmoja wenu alete wawili. Mmeshakuwa sita.

Changanyeni kazi na umri. Kwetu kuna mwalimu mstaafu, muuguzi, kijana wa bodaboda, dada anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, mwanafunzi wa chuo kutoka Malimbe, fundi cherehani, na wengine. Kijiwe cha walimu watupu hugeuka kikao cha shule. Kijiwe cha marafiki watupu hugeuka kamati ya harusi.

2. Chagueni siku na saa, kisha msiziguse tena

"Tutakutana tukipata nafasi" maana yake hamtakutana. Sisi ni Jumamosi ya pili, saa 10 jioni mpaka saa 12. Tunafunga saa 12 kwa sababu wa Kisesa na Buhongwa wanataka kupanda daladala kabla ya giza, na kwa sababu akina mama wengi wakichelewa mara mbili nyumbani, mara ya tatu hawaji.

Angalieni ratiba ya ligi mapema. Ruhusa ni moja tu: Simba na Yanga wakicheza siku hiyo, sogezeni mkutano wiki moja bila kulumbana. Tuliwahi kujifanya wasomi tukashindana na mechi, akaja mwalimu mstaafu peke yake, naye alikuwa na redio mfukoni.

3. Tafuteni mahali

Mwanza imetupa viti vya bure. Jiwe pana lenye kivuli na ziwa mbele yako ni mahali pazuri kuliko ukumbi wowote wa kulipia, lakini chunga mambo matatu. Kwanza upepo: alasiri hutoka ziwani na kufunua kurasa kabla hujafika. Beba vibanio vya nguo. Pili, wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama wingu la moshi. Siku wakija, fungeni vitabu na midomo. Tatu, mvua za vuli na za masika. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, na tena Machi hadi Mei, muwe na baraza la mtu lililokubaliwa mapema. (Jiwe la Bismarck acheni. Hilo ni la kupigwa picha, nalo limo majini.)

Mkikaa mgahawani, nunueni chai kila mtu, na muulize kama televisheni yaweza kupunguzwa sauti. Maktaba ya mkoa ni tulivu, na utulivu huo ndio shida yake: nyie mnataka kuongea. Ongeeni na mkutubi siku kadhaa kabla, mjue kama kuna chumba cha pembeni.

Mkizunguka majumbani, shikeni sheria hii kama amri: chai na karanga, basi. Kijiwe chetu cha kwanza kiliumizwa sana na vyakula. Mwenyeji wa kwanza alitoa maandazi. Wa pili, kwa kuwa hakutaka kuonekana mchoyo, akaongeza sambusa. Mkutano wa tatu tulikuta sato wa kuchoma, mzima mzima, na pilau pembeni. Zamu ya nne ilikuwa ya kijana aliyepanga chumba kimoja Mabatini. Hakupokea simu wiki mbili. Hatukugombana naye wala hakutukosea kitu. Tulimtisha kwa samaki.

4. Kitabu cha kwanza kiwe chembamba

Hapa ndipo tulipozikwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tulichagua kitabu cha kwanza kwa uzalendo wa ziwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Haikupata mchapishaji kwa lugha hiyo. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House (TPH) wakaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Mtu amekingoja kitabu chake miaka 35! Tulivyosikia hivyo tuliona haya kuanza na kingine chochote.

Ni kitabu kizuri, tena sana. Lakini ni kinene, na kinakwenda kwa mwendo wa mtumbwi: kulima, kuvua, kutibiwa, kwenda ukweni, kila jambo na taratibu zake zote. Watu 14 wasiofahamiana, wengine hawajashika riwaya tangu kidato cha nne, tukawapa hicho. Wiki ya sita nilianza kuona wanakijiwe wakipita upande wa pili wa barabara ili nisiwaulize wamefika ukurasa wa ngapi.

Tulipofufuka tulianza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, naye mwana wa Ukerewe, iliyotoka mwaka 1971. Ni nyembamba. Msichana anatoka Namagondo, anakuja kusoma hapa hapa Mwanza. Nyumbani ameacha baba mlevi na mkali. Na yanayompata baadaye yalifanya kitabu kizuiwe shuleni kwa muda. Kila mtu alikimaliza. Muuguzi alikimaliza zamu moja ya usiku na asubuhi akanipigia akiwa na hasira, hajui amkasirikie nani.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza kiwe na sifa hizi: kisizidi kurasa 200, kiwe na watu ambao mtagombana juu yao, na nakala zake zipatikane. Kiwe cha Kiswahili. Kiingereza kije baadaye mkishazoeana, kwa sababu wapo watakaokimbia kwa kuogopa kuchekwa matamshi, na hawatakuambia kwamba ndiyo sababu. Siku hizi hata baadhi ya vitabu vya Kiingereza vinakuja kwetu vimeshavuka: Paradise ya Abdulrazak Gurnah, yule aliyepata Nobel mwaka 2021, inasomeka kwa Kiswahili kama Peponi.

Kitereza tumemrudia. Tunamsoma sasa kidogo kidogo, kwa sauti, nusu saa kila mkutano, bila haraka. Kitabu ni kile kile kilichotuua.

5. Pateni nakala

Anzeni na maktaba, kisha maduka ya vitabu mjini, kisha wale wanaotandika vitabu vya mtumba chini. Vya mtumba vikaguliwe: fungua katikati uone kama kurasa zimetimia, na tazama ukurasa wa mwisho upo. Tulimaliza kitabu kimoja bila kujua nani alimuoa nani.

Mkikosa, mtu wa Dar apite duka la TPH mtaa wa Samora, afunge kifurushi, akitume kwa basi. Mnakifuata stendi ya Nyegezi siku ya pili.

Hakuna haja ya nakala tisa. Tatu zinatosha watu tisa kwa mwezi: kila nakala inazunguka kwa watu watatu, siku 10 kila mmoja. Gawa kwa njia za daladala, si kwa urafiki. Nakala ya Nyegezi hadi Buhongwa ikae njia hiyo, ya Nyakato hadi Igoma ikae huko, na ya Kirumba hadi Pasiansi vivyo hivyo. Tulipogawa kwa urafiki, kitabu kilikuwa kinavuka jiji zima mara tatu na kulala kwenye begi siku nne.

Onyo: usirushe kwenye grupu kitabu kizima kilichopigwa picha au faili la wizi. Najua ni rahisi. Mimi mwenyewe nina mashine ya fotokopi dukani na nimeshaombwa mara nyingi, nakataa. Waandishi wa Kiswahili wanauza nakala chache, ukiwaibia hizo chache utasoma nini mwakani?

6. Gawa kurasa kwa siku

Watu hawashindwi na kitabu, wanashindwa na wiki ya mwisho. Chukua idadi ya kurasa, gawa kwa siku ulizonazo, andika kwa penseli kwenye jalada la ndani. Kurasa 180 kwa mwezi ni 6 kwa siku. Mwenye zamu ya siku 10 atasoma 18, ambazo ni kama saa moja hivi kwa msomaji wa kawaida. Foleni ya kwenda Buhongwa jioni inakupa nusu yake.

7. Mkutano wenyewe

Mkishakaa, msianze kwa kuuliza "nani amemaliza?" Swali hilo linawapanga watu kwenye mistari miwili, wema na waovu. Asiyemaliza anaruhusiwa kuja. Anayesema amemaliza wakati hajamaliza ndiye anayeharibu mambo, na anafanya hivyo kwa sababu aliulizwa.

Anzeni na mtu mmoja kusoma kwa sauti ukurasa alioupenda. Ukurasa mmoja tu. Wote watulie. Utashangaa: maneno uliyoyapita mbio nyumbani yanasikika kama mapya yakitoka kinywani mwa mwingine, tena akiwa na lafudhi yake ya Kisukuma au Kikerewe.

Kisha zungukeni. Kila mtu ajibu swali moja: ulisimama wapi? Yaani mahali ulipofunga kitabu ukakaa kidogo, kwa hasira, kwa kicheko, au kwa usingizi. Usingizi nao ni jibu. Hakuna kumkatiza mtu mpaka mzunguko uishe.

Baada ya hapo bishaneni. Na hapa nina katazo moja ambalo mwalimu mstaafu bado hajanisamehe: saa ya kwanza, marufuku kutaja fani na maudhui. Sote tulipita shule. Mtu akisema "dhamira kuu ya mwandishi ni" wengine wananyoosha migongo na kuanza kutafuta jibu la mtihani. Ulizeni maswali ya barazani: huyu ungemkopesha? Angebisha hodi kwako usiku ungemfungulia? Nani hapa anajidanganya?

Nikupe mfano. Kwenye Rosa Mistika tulikaa karibu saa nzima juu ya Zakaria, yule baba. Kijana wa bodaboda alimtetea: kulea mabinti ni kazi, dunia ni mbaya, mzee alikuwa anaogopa. Fundi cherehani akamjia juu. Dada wa dagaa alikuwa kimya muda wote, anachuja karanga kwenye kiganja. Mwishowe akauliza: nyumba ile ilikuwa inakula jasho la nani? Basi. Kila mtu akafungua kitabu upya, vidole vinatafuta kurasa, na mjadala ukahamia kwa mama, ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja. Mimi kitabu kile nilikuwa nimekisoma mara tatu. Mtu anayeamka saa 9 usiku kupokea dagaa ndiye aliyeniona nikiwa kipofu.

Ukiniuliza faida ya kusoma na wenzako, nitakujibu kwa karanga zile. Kuna nyingine ndogo ndogo: kijana wa bodaboda alikuwa akisoma kwa kufuata neno kwa kidole, sasa hafuati, muuguzi anasema usingizi umerudi tangu aache simu kitandani. Lakini hizo hazikunifanya nirudi mwezi wa pili.

8. Mchango

Kama umewahi kuwa kwenye kikoba unajua pa kuanzia. Sisi ni shilingi 2,000 kila mtu kwa mwezi. Kwa watu tisa ni 18,000, ya vitabu, nauli ya kifurushi na chai. Mhazini anasoma daftari mwanzoni mwa kila mkutano, hata kama ni mistari miwili. Fedha hiyo haikopeshwi. Hata kidogo, hata kwa msiba. Msiba mchangieni mifukoni mwenu, pale pale. Tuliwahi kumkopesha mtu 12,000, akaona haya kurudi. Tukapoteza fedha na msomaji kwa pamoja.

9. Msitawanyike bila kitabu kijacho

Fanyeni kama upatu: kila mwezi ni zamu ya mtu mmoja, naye "anapokea" kwa kuchagua kitabu. Wengine wanaruhusiwa kunung'unika, ila watasoma. Kura msipige. Kura huleta kitabu ambacho hakuna anayekichukia wala anayekipenda.

Mambo yakiharibika

*Hakuna aliyesoma.* Inatokea, hasa Januari ya ada na msimu wa harusi. Msiahirishe. Someni shairi moja papo hapo. Diwani ya Kichomi ya Kezilahabi, ya mwaka 1974, inafaa sana: mashairi yake hayafuati vina na mizani, na yalipotoka yaliwagombanisha washairi. Kwetu yaliwagombanisha tena. Mwalimu mstaafu anashikilia kwamba lile si shairi, na kila Januari tunamwomba aeleze upya.

*Mmoja anaongea peke yake.* Sasa zile kokoto. Kila mtu anapewa tatu. Ukizungumza unaweka moja katikati. Zikiisha, unasikiliza. Inaonekana mchezo wa watoto mpaka uone mtu mzima ameishika kokoto yake ya mwisho nusu saa, anasubiri pa kuitumia. Mkishazoea mtaziacha.

*Mtu anaona aibu kusoma kwa sauti.* Usimlazimishe. Mpe kipande siku tatu kabla, akifanyie mazoezi nyumbani. Mpe chenye mazungumzo, kwa sababu mazungumzo hujisoma yenyewe.

*Mjadala umegeuka wa dini au chama.* Msimamizi aseme, "Ukurasa wa ngapi?" Asiyeweza kuutaja ukurasa ananyamaza. Sheria hii imetuokoa mwaka mzima wa uchaguzi.

*Grupu la WhatsApp limejaa dua za asubuhi na matangazo ya viwanja vya Kisesa.* Funga grupu aandike msimamizi tu. Lifunguliwe siku tatu kabla ya mkutano.

*Kitabu kimelowa.* Usikianike juani, kurasa zitajikunja kama dagaa. Pachika karatasi za gazeti kila baada ya kurasa kumi, kiweke kivulini, kikandamize na kitu kizito, badilisha magazeti kila siku. Kikipotea kabisa, aliyekipoteza alipe nusu na mfuko ulipe nusu. Ukimtoza yote hatakuja tena, na mwingine atakayepoteza atasema alikirudisha.

*Mwanachama amehama.* Mwanafunzi wetu alimaliza chuo akapangiwa kazi Kigoma, na hataki kuacha. Tunampigia saa 10 kamili. Mwanzo alikuwa hasikii kitu ila upepo wa ziwa, nasi hatumsikii yeye. Dada wa dagaa ndiye aliyepata dawa: laza simu, spika ikiwa wazi, ndani ya sufuria tupu. Sauti inatoka kubwa na upepo haumfikii. Sufuria iwe kavu.